Nyaya Tatu na Kibanio Kimoja cha Karatasi

Ndiyo, ni kweli. Nilisalimia kibanio cha karatasi, kikanijibu, nikafurahi.

Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi. Nililikana kwenye harusi, nikalikana kwenye matanga, nikalikana mbele ya mama wauza mboga wa kando ya mto Shari, ambao walikuwa hawajaona kompyuta maishani mwao lakini habari walikuwa nayo kamili. Sasa nimestaafu, na sioni tena sababu ya kulinda heshima ambayo hata wakati ule haikuwa na walinzi wengi. Ninyi mnaochukua nafasi zetu kwenye ofisi ya hali ya hewa mmeisikia habari hii kwa watu ambao hawakuwapo. Afadhali muisikie kwangu. Itakuwa ya aibu zaidi, lakini angalau itakuwa sahihi.

Nilifika kiwanja cha ndege cha Bunia katikati ya miaka ya sabini, na diploma ya chuo kikuu ndani ya bahasha ngumu niliyoibeba kama trei ya mayai. Nilikuwa nimesoma jiografia. Niliweza kueleza kwa saa nzima jinsi pepo za kaskazini na za kusini zinavyokutana karibu na ikweta, na siku ya kwanza nilieleza kweli, bila kuombwa. Muzee Lonema, mpimaji mkuu, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanipa kijiti.

"Bon," akasema. "Kule mu kipimamvua iko nyigu. Uwatoshe inje mbele ya saa mbili."

Chuo kikuu hakikuwa kimenifundisha lolote juu ya nyigu. Muzee Lonema ndiye aliyenifundisha hayo, na mengine yote ambayo yalinifaa. Alinionyesha sanduku jeupe lenye mbao za mapengo ambamo vipimajoto vinakaa, akafungua mlango wake mdogo, nikainama kusoma. Akanikamata begani kama mtu aliyenikuta naiba.

"Weye unapumua!"

"Muzee, kila mutu anapumua."

"Hapana mbele ya termometre."

Unashika pumzi. Unaweka jicho sawasawa na zebaki, si juu yake wala chini yake. Unasoma kwanza vile vipande vidogo vya digrii, kisha ndipo unasoma digrii nzima, kwa sababu zebaki inasikia joto la uso wako na inaanza kupanda ungali unatafuta kalamu. Halafu unatoka nje, unatazama mawingu, na unaigawa mbingu mafungu nane kama mama anayegawia nanasi watoto wasioaminiana. Muzee Lonema alifanya hayo yote kwa muda ambao mimi nilihitaji kufungua tu ule mlango. Nilipomwuliza amewezaje, alisema ni kwa sababu hakusoma jiografia.

Mtu wa pili wa kumjua ni Ukelo. Huyu alikuwa fundi wa nyaya wa kiwanja, mtu wa Mahagi, na unyenyekevu haukuwa kati ya zana zake. Bisibisi aliiweka kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu, na kanisani alikwenda nayo vilevile. Kazi yake kubwa ilikuwa simu yetu, simu ya ukutani yenye mkono wa kuzungusha, iliyounganisha ofisi ya hali ya hewa na mnara wa kuongozea ndege. Haikwenda pengine popote. Ukitaka kuongea na Kisangani ulitumia redio. Ukitaka kuongea na mnara, ulizungusha mkono. Kila waya wa simu ulipokatika, kwa ng'ombe au kwa radi, Ukelo aliuunga na kuuviringishia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akamalizia kwa fundo dogo upande wa kushoto. Kiungo chake hakikuingiza maji kamwe. Alikijua kiungo chake, nasi tulikijua, maana alituita tukione kila mara.

Basi tuliendelea hivyo miaka yote ile, na sitawachosha nayo. Mashine ilifika mwishoni mwa miaka ya themanini, ndani ya mbao nyingi na ahadi nyingi. Ilikuwa kituo cha hali ya hewa kinachojipima chenyewe: mlingoti wenye vikombe vinavyozunguka kwa upepo, mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi, kipimajoto kisichojali pumzi ya mtu, na kijisanduku cha chuma kilichokusanya habari zote na kuzituma kwa kable hadi kwenye kompyuta mezani kwangu. Kompyuta iliandika kwa herufi za kijani. Kable ililazwa ndani ya mfereji mwembamba tangu uwanja wa vipimo hadi ofisini, na ulikuwa mwendo mrefu. Fundi kijana aliyekuja nayo kutoka Ulaya, mpole na mwekundu kwa jua, alisema kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo mashine inavyopaswa kusema polepole, la sivyo maneno yanafika yamevunjika. Akaipangia mwendo wa chini kabisa.

Alinifungulia plagi pia nione. Ilikuwa na meno ishirini na tano, lakini matatu tu ndiyo yaliyofanya kazi. Hapo nilijisikia niko ofisi ya serikali kweli. Waya mmoja kompyuta inasemea. Waya wa pili inasikilizia. Waya wa tatu, wa udongo, hausemi kitu, lakini bila huo hao wawili hawaelewani, kama yule mzee anayekaa kati kwenye mazungumzo ya mahari. Nilielewa vizuri sana. Kisha akaondoka, akaniachia kitabu cha maelezo kwa Kiingereza, lugha ambayo nilijua kusalimia tu.

Kwa nini mashine hiyo ilikuja Bunia na si mji mwingine? Ni kwa sababu ya mdomo wangu. Tulikuwa kwenye mkutano Kisangani wa kuamua mashine ya mradi iende wapi, na ukutani palikuwa na ramani ya nchi nzima ya saa za alfajiri. Kila kituo kilikuwa na duara lenye alama zake. Duara la Bunia lilikuwa tupu. Tangu Muzee Lonema astaafu tulibaki wapimaji wawili, na wawili hawawezi kukesha kila usiku wa Mungu. Mvua za Ituri ziliingia na kutoka alfajiri bila mtu wa kuziandika. Mtu mmoja akasema mashine kama ile haiwezi kwenda Bunia, kule hakuna wa kuitunza. Nikanyosha mkono. Nikasema, "Mimi niko." Maneno mawili. Sijawahi kulipa bei kubwa hivyo kwa maneno mawili, na mimi nimeolewa.

Ilifanya kazi wiki kadhaa, na duara letu likapata alama zake. Kisha Jumatatu moja nilifika ofisini nikakuta kioo kimya. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kufyeka na kufagia ambayo serikali ilitudai sote wakati ule, na kiwanja kizima kilikuwa safi kama kichwa kilichonyolewa. Kwenye kioo palikuwa na kimstari kimoja kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima, kama mtu anayetaka kusema akakumbuka kwamba tumegombana.

Mkuu wa kiwanja alikuwa Sitoyeni Bolanda, maana wakati ule kila bwana aliitwa raia, mtu wa mtoni, wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku za vumbi. Alisimama mlangoni, akaniita kwa jina la idara na kuuliza kuna shida gani, nusu kwa Kilingala.

"Mama Meteo, likambo nini?"

"Mashini imenyamaza, shefu."

"Unaona? Ulisema weye uko. Sasa uko wapi?" Akatazama kioo, akatazama dari. "Ndeke ya Alhamisi itairudisha Kisangani. Kule iko bainjiniere."

"Shefu, uipatie muda."

"Muda wake ni Alhamisi."

Siku hiyohiyo seremala alikuja kupima meza yangu ili atengeneze sanduku. Alipima mashine taratibu, kwa huruma, kama anavyopima maiti.

Sasa nitawaambia alivyofanya mtu mwenye diploma. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa, nikachomeka. Nilifungua ukurasa wa kompyuta wenye mipango ya mwendo, nikabadilisha mwendo, nikabadilisha kilichofuata, nikabadilisha kilichokifuata hicho, bila kukumbuka mahali nilipoanzia. Kama kuna jambo moja mtakalolichukua hapa, lichukueni hili: mguse kitu kimoja, mtazame, mkirudishe, ndipo mguse kingine. Mimi nilivigusa vyote kwa pamoja, kwa bidii, na ilipofika Jumanne mchana hakuna kitu ndani ya mashine ile kilichokuwa pale alipokiacha fundi.

Ndipo nikakumbuka kibanio. Yule fundi alikuwa amechukua kibanio cha karatasi, akakinyosha, akagusanisha nacho jino la pili na la tatu nyuma ya kompyuta. Alichokisema wakati ule kilikuwa kimenitoka. Nilikumbuka tu kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Nikachomoa kable, nikaiweka sakafuni, nikachomeka kibanio. Nikaandika: BONJOUR.

Kabla ya hapo, kila nilichoandika kilipotea. Sasa kioo kikaandika: BONJOUR.

Nilipiga kelele. Watu walikuja kutoka depo ya mafuta. Shefu Bolanda alikuja, akavuta kiti changu, akakaa, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Jina lake likatokea kwa herufi za kijani.

"Inanijua!" akasema. Nilikuwa sijawahi kumwona anafurahi. Nilidhani ni meno yanamuuma. Akaenda mbio kwenye redio, akatangazia Kisangani kwamba Bunia inaongea na mashine na mashine inaijibu Bunia. Akarudi, akanyosha mikono ya abakosti, akaandika: TEMPERATURE?

Mashine ikajibu: TEMPERATURE?

Akaandika tena, polepole zaidi, kama unavyomsemesha mgeni. Ikamjibu vilevile.

Ukelo alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono juu ya bisibisi yake. "Shefu, hii iko kama bibi yangu ku nyumba," akasema. "Unamuuliza, na yeye anakuuliza." Kisha akatazama chini. "Mama Meteo. Mbona kable iko ku sakafu?"

Sitazieleza nyuso zilizonigeukia. Waliokuwapo wamezieleza vya kutosha. Maana ya kibanio ilinirudia pale pale: unagusanisha waya wa kusemea na waya wa kusikilizia, na kompyuta inajisikia yenyewe. Tulikuwa tumeongea peke yetu, na Kisangani tumeitangazia.

Shefu alisimama, akajifuta vidole kwa kitambaa kana kwamba kompyuta ilikuwa na mafuta. "Seremala amalize," akasema.

Nilibaki na kile kibanio mezani, na kwa kuwa sikuwa na rafiki mwingine siku hiyo, nilianza kukifikiria. Kilikuwa kimeniambia jambo moja la kweli: kompyuta ni nzima. Inasema na inasikia. Ugonjwa uko mbele zaidi. Jumatano asubuhi nikarudisha kable kwenye kompyuta, nikatembea hadi uwanja wa vipimo, nikaichomoa upande wa kituo, nikakichomeka kibanio kwenye mwisho ule wa mbali. Nikarudi ofisini, nikaandika BONJOUR. Hakikurudi kitu. Basi ugonjwa uko kwenye kable.

Nikaifuata kable kwa miguu, kisha kwa magoti, nikipapasa udongo wa mfereji. Karibu na ua wa uwanja wa vipimo vidole vyangu vikakutana na kitu laini. Nikafukua. Ukanda wa mpira wa baiskeli, umeviringishwa vizuri, na fundo dogo upande wa kushoto.

Nilimkuta Ukelo nyuma ya mnara, anakula muhindi wa kuchoma.

"Nilijua utafika," akasema. "Sema polepole."

"Nani aliikata?"

Akatazama huku na huku. "Siku ya salongo, wakubwa wa zone walipita, unakumbuka? Naye shefu akakamata coupe-coupe ya kufyekea majani apate kuonekana. Alifyeka, Mama! Alifyeka hata udongo. Hakuona kitu. Batu walikuwa wanamupigia makofi. Ningemuambia pale, mbele ya wakubwa, kwamba amekata mali ya mradi?"

"Kwa hiyo ukaunga."

"Nikaunga. Miye ni Ukelo, nitaacha waya inalala wazi?"

"Uliunga waya upi na upi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Waya na mwenzake."

"Mwenzake yupi?"

"Mwenye alikuwa karibu."

Nikakaa chini. Hakuwa na kosa, na mimi nilijua hakuwa na kosa. Simu yetu ina nyaya mbili, na simu haijali: uunge huu na ule, au ule na huu, sauti inapita. Miaka yote ya kazi yake Ukelo aliunga waya na jirani yake, na miaka yote hiyo watu waliongea. Nilipomweleza kwamba hizi tatu kila moja ina kazi yake, na kwamba alikuwa ameuoza waya wa udongo kwa waya wa kusemea, alitafuna kwa muda mrefu.

"Zinaringa hivyo kwa sababu gani?" akauliza. "Waya ni waya." Kisha akaacha kutafuna. "Mama, usimuambie shefu. Atauliza kwa nini nilinyamaza. Batu wa depo nao watamucheka, na siku wanamucheka, siye wote tunalia."

Nikamuahidi.

Alhamisi asubuhi tulifungua kiungo pamoja. Tulisafisha udongo kwa mate na pindo la kitenge changu, rangi zikaonekana: nyeupe, kijani, kahawia. Ukelo aliunga nyeupe na nyeupe huku akinung'unika kwamba hii ni kazi ya watu wasiojiamini. Nikarudisha kibanio mwisho wa mbali, nikaandika BONJOUR, na BONJOUR ikarudi, safari hii imetembea kwenda na kurudi. Nikaondoa kibanio, nikachomeka kituo. Kioo kikajaa takataka: mabano, nusu herufi, alama ambazo sijawahi kuziona hata kwenye Kilatini cha mapadri. Takataka hizo zilikuwa zangu mwenyewe. Kituo kilikuwa kinasema polepole kama alivyokipangia fundi, na mimi nilikuwa nimeiambia kompyuta isikilize mbio. Nikarudisha mwendo wa chini. Mstari mmoja ukaandikika. Joto, upepo, mahali unapotoka. Baada ya muda mfupi, mwingine.

Safari hii sikupiga kelele. Nilikaa tu nikisoma, nikishika pumzi bila sababu.

Ndege ilitua kabla ya saa sita. Shefu Bolanda akaingia na seremala, na wanaume wawili wamebeba sanduku.

"Shefu, inasema," nikamwambia. "Tazama."

Akatazama kutoka mbali. "Hata juzi ilisema."

"Juzi ilikuwa inajijibu. Leo inaongea na kituo."

"Ilikuwa na nini?"

"Waya, shefu."

"Waya gani? Nani aliharibu?"

Nikamtazama Ukelo. Ukelo akatazama viatu vya shefu. "Waya tu," nikasema.

"Waya tu." Akatikisa kichwa. "Mama, mimi nimetangazia Kisangani uongo mara moja. Nitajuaje kwamba namba hizi si weye unajiongelea tena? Unaona upepo dirishani, unaandika upepo."

"Dirisha yangu inaangalia barabara, shefu."

Alifikiri. Alienda dirishani akahakikisha: barabara, baiskeli, mama mmoja na ndizi zake. Kisha akasema, "Ukelo, ulete ngazi." Wakatoka wote wawili. Seremala alibaki na mimi, amekalia sanduku, misumari mdomoni.

Uwanja wa vipimo uko chini ya mnara, na ndege huegeshwa karibu tu na hapo. Toka mezani kwangu huoni hata kimoja kati ya hivyo. Nikangoja. Simu ya ukutani ikalia.

"Mama Meteo."

"Ndiyo, shefu."

"Niko juu ya mnara. Upepo unatoka wapi?"

"Mashariki. Kasi nne."

"Hiyo hata mutoto anajua. Ngoja." Nikasikia anafungua dirisha la mnara na kupaza sauti: "Ukelo! Panda! Kamata ile mushale! Geuza! Hapana huko, huku!" Kisha sikioni mwangu: "Sasa?"

Mstari mpya ukatokea. "Kaskazini, shefu."

Kule dirishani tena: "Geuza tena! Tena! Acha hapo!" Akarudi. "Sasa?"

"Ngoja haijaandika." Kioo kikaandika. "Kusini-magharibi."

Seremala alitoa msumari mmoja mdomoni.

"Sasa," shefu akasema, na safari hii hakupaza sauti. Nadhani alifanya kwa ishara ya mkono ili nisisikie.

Nilisoma mara mbili. "Shefu, upepo umekwisha. Sifuri. Amekamata vikombe."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu."

Nilisikia anapumua. Alipumua kwa muda, na mimi nikashika chombo cha simu kwa mikono miwili. Kisha akasema, lakini si kwangu, bali kwa mwongozaji wa ndege aliyekuwa kando yake: "Uambie rubani aende. Bunia haina mzigo."

Hakukata simu. Nadhani alisahau kwamba ameishika. Nami sikutaka kukata wa kwanza, basi tukabaki hivyo, kila mtu na upande wake wa waya, huku kioo kikiendelea kuandika mistari yake. Nne. Tano. Kisha mstari mmoja ukaja ambao sikuutegemea.

"Shefu," nikasema, "ndeke imewasha moteri."

"Unajuaje?"

"Upepo umeruka toka tano mpaka thelathini na moja. Shefu, Ukelo iko bado juu ya ngazi?"

Nikasikia akienda dirishani.

"Alikuwa," akasema shefu.